Ruffin Mwenze, Aliyeonja Bila Kumeza

Marehemu aliniagiza mambo mawili kuhusu karatasi hii: iwe fupi, na iwe ya kweli. La kwanza limenishinda, mtanisamehe. La pili nitajitahidi, ingawa msibani tumezoea kumsifu aliyelala hata kama juzi tulikuwa tunamsengenya. Mimi ni Cadette, mdogo wake, mwuza samaki wa soko la Kashikishi. Nimeandika kwa mkono, na Musonda, msichana aliyefundishwa kazi na marehemu, ndiye aliyenipigia chapa na kunisahihisha pale ambapo nilikuwa natukana.

Niseme wazi tangu sasa. Hapa Nchelenge, Zambia, kando ya ziwa Mweru, kuna mtu anaitwa Webby, ambaye tangu Septemba 2021 anaitwa mwongo kwa sababu ya magunia ya kahawa. Wasifu huu ni wa Ruffin, lakini unamhusu Webby pia, na ni Ruffin mwenyewe aliyetaka hivyo. Nitafika hapo. Kwanza tumzae, kama desturi inavyotaka.

Ruffin Mwenze alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Mulonde, kwenye milima ya Marungu, upande wa Moba, nchini Kongo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Mwenze Kalumba na mama Suzanne. Baada yake walizaliwa watatu ambao hawakuishi, halafu miaka kumi na moja ikapita, nikaja mimi, na baba akaniita Cadette ili Mungu aelewe kwamba mimi ni wa mwisho. Huko kwetu ni baridi; asubuhi mtu anatoka nje na blanketi lake. Kila nyumba ilikuwa na miti yake ya kahawa, mia mbili au mia tatu, nyuma ya maharage. Mama alichuma zile nyekundu tu, akazimenya siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono, akazilaza kwenye beseni la mbao ziumuke, kisha akaziosha kwa maji ya kijito mpaka utelezi wote utoke. Ndiyo kahawa ya kuoshwa hiyo. Ukiiosha mapema, utelezi unabaki, ukichelewa, inachacha. Kujua saa yenyewe ni kazi ya pua, na mama alikuwa na mafua yasiyokwisha, kwa hiyo alimtumia mtoto. Ruffin akiwa na miaka saba aliinama juu ya beseni, akavuta pumzi, akasema "bado" au "sasa". Majirani wakaanza kumwazima kama wanavyoazima kinu, na walimrudisha na ndizi mkononi.

Alisoma shule ya msingi ya misheni pale Kirungu kuanzia 1974, kisha sekondari mjini Moba, ambako alipata diploma ya serikali mwaka 1987. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa yule ambaye mwalimu anamsahau jina mpaka siku ya mtihani. Mwaka 1989 aliajiriwa kuwa karani katika bohari moja ya kahawa pale Moba, na huko akakutana na mtu aliyegeuza maisha yake, Madame Stéphanie, mwonjaji wa bohari, mama mnene kutoka Lubumbashi aliyevaa miwani miwili kwa wakati mmoja. Mama huyo alimwona akinusa gunia wakati wengine wanalihesabu tu. Akamweka mezani.

Kwa ambao hamjawahi kuona kazi hiyo, iko hivi. Kahawa ya kila mkulima inakaangwa kidogo, inasagwa kwa unene, inatiwa vikombeni, vikombe vinapangwa mstari. Maji ya moto yanamiminwa na unga unapanda juu kama ukoko. Baada ya dakika chache mwonjaji anauvunja kwa kijiko huku pua yake imeingia kikombeni kabisa, halafu anachota, anafyonza kwa kelele ambayo mama angekuchapa ukifanya mezani, anazungusha mdomoni, na anatema kwenye ndoo. Kikombe kinachofuata. Siku nzima anaonja na hamezi. Mwaka 1992 baba alishuka milimani kumtembelea, akasimama mlangoni mwa bohari, akaona mwanawe anatema kahawa ya watu ndooni. Baba aligeuka akaondoka. Alifika nyumbani, akamwambia mama kwamba wamesomesha mtoto ili aende kutemea mate jasho lao. Ilibidi Ruffin apande milima siku mbili kwenda kueleza.

Madame Stéphanie alimfundisha pia masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyomlea na ndiyo yaliyomtenga. Asivute sigara, asijipake manukato, asile pilipili, vitunguu vibichi, wala samaki wa moshi au wa kukaushwa. Alimwambia kwamba ulimi huo si wake tena, ni wa wakulima, na mtu hatii pilipili katika kitu cha wengine. Ruffin aliyashika masharti hayo kuliko amri kumi, na amri kumi nazo hakuzichezea.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Rosalie katika kanisa la Moba. Mwaka 1998 walipata binti, wakampa jina la mwalimu, Stéphanie. Vita vilipotufikia, tulikimbia. Desemba 2000 tulivuka kutoka Pweto tukaingia Zambia, sisi wanne na wazazi, na tukapelekwa kambi ya Kala, Kawambwa. Wazazi wetu wote wawili wamezikwa huko. Kambini Ruffin alikula kila alichopewa, samaki wakavu na yote, kwa sababu hapakuwa na kahawa ya kuonja na hapakuwa na kitu kingine cha kula. Rosalie ameniruhusu niseme kwamba hiyo ndiyo miaka aliyokuwa na mume. Walikula sahani moja.

Mwaka 2008 watu wakaanza kurudi. Ruffin alipanda Marungu peke yake kwenda kuangalia, akakuta miti ya kahawa imemezwa na majani lakini hai, na chini yake wazee wachache waliorudi kabla yake. Mmoja wao alikuwa mzee Nsama. Nsama alimwambia kwamba wanauza kahawa yote pamoja, mbivu na mbichi, kwa mchuuzi yeyote anayepita na baiskeli. Ruffin akaomba kikaango. Alikaanga kahawa ya Nsama mwenyewe, akaisaga kwenye kinu, akampa kikombe. Mzee yule alikuwa amelima kahawa miaka hamsini na hajawahi kuinywa. Alikunywa, akauliza kama kuna nyingine. Siku hiyo, Ruffin alikuwa akisema, ndipo alipopata kazi kwa mara ya pili.

Kahawa ya Marungu isingeweza kutoka kwa njia ya Kongo, barabara zilikuwa zimekufa. Ilibidi ishuke Pweto, ivuke ziwa Mweru kwa boti, ifike hapa, na kutoka hapa ipande lori mpaka Ndola kwa Lloyd, mnunuzi, aliyekuwa akiipeleka mbele. Kwa hiyo mwonjaji alipaswa kukaa Nchelenge. Alikuja mwaka 2009, akaingia katika nyumba kwenye kiwanja changu, maana mimi nilikuwa nimeshatoka kambini na kuanza kuuza samaki hapa. Rosalie alimfuata, akakaa naye mwaka mmoja, halafu akaenda Lubumbashi na mtoto, na huko wamekaa mpaka leo. Hawakuachana. Aliniambia siku anafunga mizigo kwamba mwanamume anayekula peke yake hata akiwa nyumbani anaweza kula peke yake bila yeye kuwepo. Nilimkasirikia wakati ule. Sasa simkasirikii.

Fikirini ninyi mnaoijua Nchelenge. Mji wetu ni samaki. Nguo zetu ni samaki, baiskeli ni samaki, hela tunayotoa sadaka Jumapili inanuka chisense, dagaa wa ziwa letu, na mchungaji anaipokea hivyohivyo. Katika mji huo alikuja kuishi mtu asiyegusa samaki. Alijenga jiko lake upande unakotoka upepo. Alipika viazi, karanga za kuchemsha, mayai, bukari, yaani ugali, na mboga zisizo na kitu. Watoto wa mtaa wakamwita Ba Kofi, yaani Bwana Kahawa. Wakubwa walimwita mengine. Msibani, ambako sisi wote tunajua kwamba asiyekula anatuambia jambo, yeye alifungua kitambaa chake cha karanga akakaa pembeni. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakiuliza kama huyu anaogopa sumu au yeye ndiye anayeitia. Aliyeuliza yupo hapa na simtaji.

Mimi pia nilikuwa upande wa pili wa upepo. Nilipotoka sokoni au kwenye moshi wa kukaushia samaki kule Kabuta nilikonunulia mzigo, alinisalimia kutoka mbali, na nikikaa kwenye benchi lake alisimama polepole, kwa adabu, kama mtu aliyekumbuka jambo ndani. Miaka kumi na miwili kaka yangu hakukaa nami benchi moja. Nilimtania, nikamwambia kwamba samaki hao ndio wanaomlipia kodi ya nyumba anayokaa bure. Alicheka. Hakukaa.

Lakini kazi yake niisifu, maana inastahili. Kila mwaka kati ya Mei na Agosti alipanda milima, akaenda nyumba kwa nyumba. Hakumwambia mkulima kwamba kahawa yake ni mbaya. Alimpa vikombe viwili, chake na cha jirani, akangoja aseme mwenyewe. Alijua kwa kijiko kimoja nani alilaza beseni usiku mmoja zaidi kwa sababu alikwenda harusini, na nani alianika chini badala ya kwenye meza. Wakulima kumi na wanne wa mwaka wa kwanza walifika mia moja na kumi na wawili. Lloyd alisema kwamba gunia likiwa na karatasi iliyoandikwa "safi" na Ruffin, haonji tena, anapakia. Hiyo ilikuwa sifa kubwa, na iligeuka kuwa mtego.

Sasa nimefika nilikoogopa kufika.

Julai 2021 Covid ilipita hapa kwetu, mnakumbuka, tulizika wengi. Ruffin aliugua wiki mbili akapona. Mwishoni mwa Agosti shehena ya kwanza ya kahawa ya msimu ikavuka kutoka Pweto, magunia thelathini na moja, pamoja na yote ya mzee Nsama. Boti lao la kila mwaka lilikuwa limeharibika injini, likakodiwa lingine, na hilo la kukodi wiki nzima lilikuwa limebeba chisense. Kahawa kavu ni kitu kijinga, inashika harufu yoyote inayolala nayo. Magunia yalifika ghalani kwa Webby, mtunza ghala, mtu wa kanisa letu, aliyekuwa akivua viatu kabla ya kuingia humo ndani ili asilete uvundo wa barabarani. Ruffin alipanga vikombe, akavunja ukoko, akafyonza, akatema, akaandika "safi" thelathini na moja.

Wiki mbili baadaye Lloyd akapiga simu kutoka Ndola. Kahawa yote inanuka samaki. Hakuna anayeitaka. Kamati ya wakulima ilivuka, wakakaa ghalani pamoja na Ruffin na Webby, na swali lilikuwa moja tu: harufu imeingia wapi? Kama iliingia botini, mwonjaji angeikuta. Kama mwonjaji hakuikuta, iliingia ghalani baada yake, na mke wa Webby anauza samaki. Webby aliapa kwamba hakuna samaki hata mmoja aliyewahi kuvuka mlango ule. Wakamgeukia Ruffin, wakamwuliza kama kahawa ilikuwa safi ilipofika. Ruffin alijibu, "Ilikuwa safi." Nani angebisha na pua ile? Webby alifukuzwa siku hiyo. Mzee Nsama na wenzake walirudi milimani mikono mitupu, na kahawa yao ikauzwa kama takataka kwa watu wa barabarani.

Mimi nilifanya langu. Kesho yake nilisimama sokoni Kashikishi, mbele ya meza ya mke wa Webby, nikasema kwamba mumewe ni mwongo na amekula jasho la wazee wetu wa Marungu. Nilisema kwa sauti ya kuuzia samaki. Baada ya mwezi ile meza ilikuwa tupu. Webby na familia yake wakahamia kisiwa cha Chisenga, na huko anashona nyavu za watu katika kambi ya wavuvi.

Jambo jingine lilitokea mwaka ule, nalo nilidhani ni baraka. Jioni moja nilirudi kutoka Kabuta nikiwa na moshi mpaka kwenye nywele, nikajitupa kwenye benchi la Ruffin kwa uchovu, na yeye hakusimama. Alibaki. Tuliongea habari za mama mpaka giza likaingia. Kesho yake tena. Nilifurahi sana, nisiwafiche. Nilimwambia Rosalie kwenye simu kwamba kaka yangu amelainika, Covid imemfundisha kupenda watu. Tulikaa hivyo miaka mitatu, bega kwa bega.

Kazi ya kuonja aliiacha mwezi uleule Webby alipofukuzwa. Alisema ulimi umezeeka. Akamchukua Musonda, akamfundisha miaka miwili kwa maneno tu, na Musonda anasema hakuwahi kumwona akitia kijiko mdomoni. Lakini masharti hakuyaacha. Aliendelea kupika viazi vyake upande wa upepo, akaendelea kuja msibani na karanga kitambaani. Nilimwuliza mara moja kwa nini, wakati haonji tena. Alisema ni mazoea.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2024 miguu ilianza kuvimba. Hospitalini walisema ni figo, na kisukari kilikuwepo siku nyingi bila sisi kujua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alificha mawili. Jumapili tarehe 18 Agosti niliporudi kanisani aliniita nikae, akaniambia. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Cadette, mi siko nasikia arufu tena. Tangu ile homa. Hata kidogo. Unaikala hapa karibu yangu na samaki yako, mi siko nasikia kitu."

Sikumwelewa upesi. Nilidhani ananitania. Kisha nikaelewa, na kitu cha kwanza nilichofikiria, Mungu anisamehe, hakikuwa Webby. Nilifikiria lile benchi.

Alieleza yote. Siku ile ya magunia thelathini na moja alivunja ukoko na hakusikia chochote, akadhani ni mabaki ya mafua, akaandika "safi" kwa sababu ya mazoea na kwa sababu kahawa ya Nsama ilikuwa safi kila mwaka. Lloyd alipopiga simu, alijua palepale. Alikaa ghalani mbele ya kamati akijua. Nilimwuliza kwa nini hakusema, na nilimwuliza kwa hasira.

"Pua njo ilikuwa jina yangu," alisema. "Ikipotea, miye ni nani? Mutu tu asiyekulaka na batu."

Mara mbili alikwenda mpaka kwenye maboti ya Chisenga akitaka kumfuata Webby. Mara mbili alisimama hapo na nauli mkononi, akarudi. Na kile chakula cha viazi alikiendeleza kwa sababu siku angeonekana anakula samaki watu wangeuliza imekuwaje, na swali hilo lingefika ghalani. Miaka mitatu mtu anakaa na njaa ya kula na wenzake, na hakuna tena cha kulinda isipokuwa uongo. Nilimwambia kwamba amekuwa mjinga. Alikubali. Halafu akaniagiza: "Siku ya kuzika, usome ile maneno mbele ya batu yote. Webby hakukosa kitu. Usifiche juu ya haya yangu."

Ruffin Mwenze alifariki Jumanne tarehe 10 Septemba 2024, saa nne asubuhi, hospitalini hapa Nchelenge, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita. Nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka sokoni moja kwa moja, sikupata nafasi ya kubadili kitenge.

Sikutaka Webby asikie jambo hili makaburini pamoja na watu wengine. Juzi Alhamisi nilivuka Chisenga. Nilimkuta amekaa chini na wavu mapajani, mkewe akaingia ndani aliponiona, na ana haki. Nilimsomea karatasi hii mpaka hapa. Alisikiliza bila kuacha sindano yake. Nilipomaliza aliuliza jambo moja: siku ile ghalani, Ruffin alikuwa anajua tayari? Ningeweza kusema hapana. Mtu angekuwa amefarijika kidogo, na aliyelala asingebisha. Nilisema ndiyo, alijua.

Webby alikaza fundo la wavu. Halafu akasema, "Awe, mayo, hapana mama. Angekuja yeye mwenyewe, ningemusamehe. Asa sasa nitamusamehe na nani?"

Nimemkasirikia kaka yangu tangu Alhamisi, na ninamlilia papo hapo, na vyote viwili ni kweli. Alijua kuonja kila kitu cha watu, akamwachia mwenzake hiki kikombe akinywe peke yake. Wakulima wa Marungu nimewatumia habari kupitia Pweto. Mzee Nsama amejibu kwamba msimu ule umepita, wao wamemsamehe, lakini hawawezi kumsamehe kwa niaba ya Webby.

Marehemu ameacha mke, mama Rosalie, aliyefika jana kutoka Lubumbashi, binti, Stéphanie, mimi mdogo wake, Musonda, ambaye pua ya wakulima sasa ni yake, na wakulima mia moja na kumi na wawili. Amemwacha pia Webby, na huyo amemwacha vibaya.

Kabla hatujatupa udongo, naomba hivi. Aliyewahi kumwita Webby mwongo, sokoni, kanisani au nyumbani kwake, asifanye toba ya kimoyomoyo. Aseme kwa sauti ileile aliyotumia. Mimi nilitumia kubwa, basi naanza: Webby, ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Mimi Cadette ndiye niliyesema uongo, na mke wako nilimkosea. Sijui kama mmekuja. Kama mpo nyuma huko, njooni msimame upande wa familia. Kama hamkuja, hakuna wa kuwalaumu, na Jumatatu nitavuka tena niyaseme haya huko mbele ya kambi nzima.

Ruffin, yaya wangu, kaka yangu mkubwa, neno lako limesomwa. Mungu akupe pumziko. Na wewe Webby, ambaye bado u hai, Mungu akupumzishe pia.